Riwaya Iliyofunikwa Kitambaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyeko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Chama cha Waandishi wa Mtaa, mliofika wote wawili. Bibi Mkutubi, mwenyeji wetu katika maktaba hii. Shangazi yangu mpendwa uliyenilea. Wafuasi wangu wa mtandaoni mlioko ukumbini, ninyi mnaonitazama kwa simu, na ninyi mlioko ukumbini lakini mnanitazama kwa simu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu, na mbele ya meza hii iliyofunikwa kitambaa cha buluu, nikiwa Mwenyekiti wa Chama, Mratibu wa Programu ya Uandishi na mnufaika wake wa kwanza, ili kutekeleza kwa vitendo azma ya muda mrefu ya kuzindua riwaya. Riwaya yangu mimi mwenyewe. (Makofi. Shangazi, kutoka kiti cha mbele: "Funua basi, baba, tuione!") Tutafunua, Shangazi. Kila jambo lina ratiba yake.

Kwanza niwasilishe mchakato. Wengi mmeniuliza, "Mwenyekiti, unaandikaje?" Mwandishi wa zama hizi hakurupuki, ndugu zangu, huandaa mazingira wezeshi. Mimi huamka alfajiri, hunyoosha kitambaa mezani, huweka kikombe kulia na kalamu kushoto, huisogezasogeza miwani mpaka ionekane kama niliisahau hapo, kisha hupiga picha. Kivuli kikiingia, hurudia. Jua likishapanda, hadhira yangu yote ina taarifa kwamba ninaandika, nami huingia awamu ya pili, ambayo ni kuwajibu wanaonipongeza kwa kuandika. Mtu mwenye adabu haachi pongezi bila jibu, na watu wenye adabu hujibu jibu, na kwa namna hiyo siku hutumika kikamilifu. (Vicheko.)

Kuhusu usomaji, nisieleweke vibaya. Mimi ni mpenzi wa vitabu asiye na mfano, na Bibi Mkutubi ni shahidi wangu. (Mkutubi: "Ni shahidi. Viwili bado viko kwako tangu mvua zilizopita.") Viko salama kabisa, Bibi, na vinafanya kazi kubwa. Ndivyo vinavyoegemeza simu ninapojirekodi nikihimiza watu wasome. (Vicheko. Mkutubi hacheki.)

Nisipokitaja chumba nitakuwa mwizi wa fadhila. Mnamjua Shangazi, fundi wetu wa nguo. Alikuwa na chumba chenye dirisha kubwa, cha kushonea. Niliposema ninahitaji utulivu, aliikokota cherehani yake mpaka mlangoni, kwenye ujia wenye giza, na mpaka leo anashona hapo, wateja wakimruka kama kizingiti. Sharti lake lilikuwa moja: nikae humo mpaka kitabu kiishe, kikiisha nimrudishie chumba chake. (Shangazi: "Na upepo wa mlangoni umenimaliza mgongo. Leo napata chumba changu, ndiyo maana nimevaa nguo ya sikukuu. Funua!") Nimekusikia, Shangazi. Tuko katika aya ya mpito.

Sasa tuje kwenye takwimu. Tathmini shirikishi tuliyoiendesha mtandaoni inaonesha kwamba asilimia tisini na saba ya wafuasi wameridhishwa na riwaya hii, na asilimia tatu wameridhishwa sana. Nilitoa sentensi moja tu, "Mkunga alifunga mlango asiangalie nyuma," na kufumba na kufumbua mlikuwa mmekwisha kumpatia mkunga mume mlevi, mkwe mwenye gubu, na safari ya kurudi nyumbani kuomba radhi. Mlilia. Mligawanyika. (Kinyozi anasimama: "Mimi nilipinga mwisho ule na bado ninapinga! Mkunga harudi kwa mume yule!") Mchango wako unathaminiwa, ndugu Kinyozi. (Sauti kutoka nyuma: "Ulipinga mpaka ukaniacha nimenyolewa upande mmoja!" Vicheko. Shangazi: "Ngojeni. Mmeusoma wapi huo mwisho?" Kinyozi: "Mimi? Niliusikia kwa mteja." Sauti kutoka nyuma: "Nami niliusikia kwako!" Minong'ono ukumbini.)

Tulieni, tulieni. Swali la Shangazi ni zuri, na litajibiwa kwa maandishi. (Ukumbi: "Soma ukurasa wa kwanza! Ukurasa wa kwanza!") Nimepokea maoni ya wadau. Wakati, hata hivyo, si rafiki. Niseme tu: Uandishi, juu! (Wachache: "Juu!") Picha kwanza, kurasa baadaye! (Hakuna anayeitikia.)

Kwa kumalizia, na koo langu limekauka, nawashukuru wafuasi wangu kwa dhati ya moyo. Mmewaumba wahusika, mmewagombanisha, mmewapatanisha, mmeisifu kazi na kuikosoa, na hivyo mmeniondolea mzigo mkubwa. Nafurahi kutangaza kwamba maandalizi yote ya riwaya yamekamilika, na kilichosalia ni hatua moja ndogo ya utekelezaji, yaani kuiandika. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Shangazi anainuka, anakwenda mezani, anakivuta kitambaa. Chini yake kuna kikombe, kalamu na miwani. Anakikunja kitambaa taratibu, pembe kwa pembe. "Na hiki nacho nimekitafuta sana," anasema. "Ni cha gauni la mteja." Ananyoosha mkono. "Ufunguo, mwanangu." Mwenyekiti: "Shangazi, sharti lilikuwa kitabu kiishe." Shangazi: "Kitaisha. Leo mimi narudi chumbani, na wewe unahamia mlangoni kwenye kile kiti changu. Pale pana giza, hapapigiki picha. Utaandika tu." Mwenyekiti anapapasa mifuko, anautoa ufunguo. Makofi yanalipuka, Mkutubi akiwa wa kwanza kusimama. Kinyozi anapaza sauti kuyashinda: "Na ukianza, Mwenyekiti, mkunga asirudi!")