Barua Iliyoshinda Mdahalo

Jumatatu, 13 Machi 1865

Nimechaguliwa! Ijumaa nitasimama jukwaani katika Chama cha Mdahalo cha Pisgah Fork. Hoja: Je, Rais Lincoln anapigana vita hivi kwa kuuchukia utumwa, au anataka tu kuyarudisha majimbo yaliyojitenga? Mshindi anakuwa katibu. Kiti chenye mgongo mrefu. Jina langu juu ya karatasi za chama: Lemuel Crutcher, Katibu. Si tena Lem wa dirisha la posta.

Pande tunagawana kwa kuchovya mkono kofiani. Harage jeupe, upande rahisi: Rais anajali Muungano tu. Harage jeusi, upande mwingine. Nilimwomba mshika kofia aliweke jeupe juu kabisa. Akaliweka. Barnabas Tilford, muuza dawa, akachovya kwanza.

Basi nitatetea kwamba Rais anauchukia utumwa. Mbele ya mwenyekiti, Bwana Ambrose Hackley, mwamuzi pekee, mwenye watumwa kumi na mmoja. Nimekwisha.

Jumanne, 14 Machi

Kezia, mpishi wa Hackley, alikuja dirishani na barua aliyopenyezewa na mchukuzi wa magunia. Hajui kusoma. Nikamwambia lete, Shangazi. Mjini wote tunamwita hivyo, kwa adabu. Akasema kama yeye ni shangazi yangu kweli, basi leo nimfae kama mpwa.

Barua inatoka kwa Prior, mumewe, askari wa jeshi la Rais pale Kambi ya Nelson. Anasema Bunge limepitisha sheria: tangu tarehe tatu, mke wa askari ni huru, na watoto wake pia. Ndoa ya watumwa haina cheti hapa Kentucky, kwa hiyo ofisa wa jeshi mjini Lexington, anayetoa hati za uhuru, atataka ushahidi kwamba waliishi kama mume na mke. Ndiyo maana kaandika "mke wangu" mara sita, na kapteni wake akatia sahihi chini.

Kezia aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya mke. Nikaisoma. Akaniomba niifiche posta hadi Jumamosi alfajiri, atakapoondoka na watoto, maana chumba chake hupekuliwa. Akaniapisha. Nikaapa, mkono kifuani.

Jumatano, 15 Machi

Nimepanga kwa namba hoja ambazo Tilford atazitumia. Moja: miaka saba iliyopita Rais alisema hadharani hataki weusi wapige kura. Mbili: alipoapishwa aliahidi hatagusa utumwa ulipo, ila jimbo kujitenga hakubali. Tatu: tangazo lake la uhuru liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi tu. Kentucky haikuasi, basi wa kwetu wamebaki watumwa.

Zote kweli! Mbaya sana.

Za kwangu: moja, aliwahi kuandika kwamba utumwa ni uovu. Mbili: (bado).

Alhamisi, 16 Machi

Nilimpelekea Bwana Hackley mtungi wa asali. Akaniuliza mimi mwenyewe naamini nini. Nikasema naamini lile ambalo mwenyekiti ataamua. Akacheka, akachukua asali.

Nilijaribia hotuba mbele ya mama mwenye nyumba, Bi Dowdy. Akasema, "Lem mwanangu, unalia kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio." Hana elimu.

Ijumaa, 17 Machi

USHINDI!

Tilford alianza. Namba zangu zote tatu, kwa mpangilio wangu uleule! Kisha akageukia upande wangu: haya, Crutcher, nitajie mtu mmoja, mmoja tu, ambaye Rais wako amemweka huru hapa mjini kwetu! Ukumbi ukapiga miguu chini. Mtu akabweka, "Lem, uza stempu!"

Nikaitoa barua.

Nilikuwa mwangalifu. Sikutaja jina. Nilisema tu "mke wangu K.", na watoto Tempe na Gus, na sehemu anayouliza kama jiko analopikia mkewe bado lina bomba lililopasuka. Hata Tilford mdomo wazi.

Bwana Hackley akakumbusha Kanuni ya Nane: karatasi yoyote iliyosomwa mdahaloni hukabidhiwa mwenyekiti na kuwa mali ya kumbukumbu za chama. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Inapendeza kuona inafuatwa. Aliisoma polepole, akaikunja, akaitia koti la ndani. Akatangaza kwamba tangu chama kianze hajapata kuona ushahidi wenye uzito kama huo. Crutcher ameshinda.

Jumamosi, 18 Machi

Kezia alifika alfajiri, watoto wamevaa nguo zote walizo nazo, moja juu ya nyingine. Nikamweleza kwamba barua iko salama kwenye kumbukumbu. Nikampa habari njema: imeamuliwa rasmi, kwa hukumu ya Bwana Hackley mwenyewe, kwamba Rais anauchukia utumwa.

Akaniuliza, "Na mimi?"

Swali hilo halikuwa kwenye hoja.

Gari la farasi la Hackley likawakuta hapo hapo dirishani. Kezia alimwambia Tempe amshike Gus. Wamepelekwa kusini, barabara ya Tennessee, kwa ndugu yake Hackley. Sanduku langu la stempu lilipinduliwa katika purukushani. Saa nzima kuzipanga upya.

Alhamisi, 23 Machi

Kiti kinanitosha vizuri, ila mgongo unauma kidogo.

Leo amekuja Prior. Mrefu, sare ya buluu, ruhusa ya siku mbili mkononi. Alivua kofia, akauliza mkewe yuko wapi. Nikasema sijui. Akauliza gari lilishika barabara gani. Nikasema mambo ya familia ya mwenyekiti si ya katibu kuyasema. Akasema, taratibu sana, kwamba yeye hakuuliza habari za familia ya mwenyekiti. Ameuliza ya kwake.

Hakuondoka dirishani. Wateja walianza kunung'unika.

Hapo ndipo nikapata wazo. Hoja ya Aprili ni kama Rais anaamini mweusi na mweupe ni sawa, na Tilford anataka kulipiza. Nikamwomba Prior aje, asimame tu ukumbini na sare yake. Ikiwezekana na bunduki.

Akavaa kofia, akatoka, akasimama njia panda akitazama barabara moja, kisha nyingine.

Nimemwandika kwenye orodha ya mashahidi: huenda akaja.