Mpango wa Kukihama Chuo Hiki

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimeanza rasmi kukihama chuo hiki. Ni wiki ya pili tu ya mwaka wa kwanza; wenzangu bado wanauliza maktaba iko wapi. Mimi natazama mbali. Chuo cha Juu, kama tunavyokiita kwa heshima na kwa wivu, hupokea wachache mno kutoka vyuo vingine, tena waliopendekezwa na mhadhiri wao. Wangu ni Mama Historia. Akisema neno tu, nimekwenda!

Shangazi ananilaza katika chumba chake cha kushonea, katikati ya magauni ya wateja. Ameuliza kama nimewahi kukaa mahali nikatulia. Nimemjibu kwa hoja tano.

Jumanne, 8 Oktoba

Kiti cha mbele. Pembeni yangu, Miwani: msichana asiyesema, anaandika tu. Nimemsahihisha Mama Historia mara tatu ili anikumbuke. Ameuliza jina langu, kwa sauti ya mtu anayetaka kulipeleka mahali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bahati imekuja yenyewe! Kesho mgeni kutoka Chuo cha Juu atasikiliza mdahalo wetu. Mada: mwanafunzi bora ahamie chuo bora. Maisha yangu hayo! Nimejiandikisha mbio. Kura ya kugawa pande ikapigwa: Miwani atetee, mimi nipinge. Nikamwambia tubadilishane. Akasema sawa, ila nimwombe vizuri. Hilo "vizuri" likanichoma. Nikamwambia nitamshinda hata nikiwa upande wa uongo.

"Haya kaka, tutaonana ukumbini."

Shangazi anashauri nifunike kombe mwanaharamu apite: niseme kidogo, nishindwe kwa adabu, mgeni asiudhike. Nimekubali. Nimefanya mazoezi ya kushindwa mbele ya kioo cha wateja. Napendeza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilianza vizuri, kwa kigugumizi cha makusudi. Kisha Miwani akasema, kwa upole kabisa, kwamba mpinzani wake hana hoja, ana sauti tu.

Sauti tu! Damu ikanipanda. Nikasema anayekihama chuo chake ni mtu aliyeacha paa lake likivuja akaenda kusifia bati la jirani. Nikasema Chuo cha Juu hakimfundishi mtu werevu. Kinaokota walio werevu tayari, kisha kinajipongeza. Ukumbi ukalipuka. Mlinzi aliingia kutazama kuna nini, akatafuta kiti. Mama Historia alifuta machozi. Kura zote zangu, isipokuwa ya mgeni. Ushindi mtamu ulioje!

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda ofisini kwa Mama Historia kuomba anipendekeze. Kabla sijafungua mdomo akanishika mikono yote miwili. Hajawahi kuona kijana anayekipenda chuo hiki hivi. Ameniteua balozi: nitazunguka shuleni kuwaeleza vijana kwa nini wasiende Chuo cha Juu. Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema mgeni amevutiwa na Miwani, aliyeshindwa bila kumkashifu mtu. Naye Mama amekwisha kumpendekeza.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama nafasi ilikuwa moja tu.

"Na wewe inakuhusu nini, mwanangu? Wewe si wetu?"

Nje nikakutana na Miwani. Akanishauri nirudi ndani nimweleze Mama ukweli, kwani si mtu wa kinyongo, na mwakani kuna nafasi nyingine. Nirudi niseme nilichotetea sikukiamini? Baada ya kushinda? Thubutu!

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeligundua kosa. Si langu, ni la mgeni! Ukumbi mzima ulishawishika isipokuwa yeye. Kazi haijakwisha, basi. Ijumaa anarudi kumwona Miwani, nami nimeomba nafasi ya kuzungumza mbele yake, Mama Historia akiwepo. Nitamthibitishia hatua kwa hatua kwamba chuo chake hakifai kitu. Akishakiri kwamba nimemshinda, atanichukua siku hiyo hiyo.

Shangazi ameuliza kama nitaanza na salamu. Nitaanza na majivuno yao.