Madirisha Mawili ya Mratibu wa Mazingira

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema huonekana asubuhi, na hii imeonekana saa mbili kamili! Waraka umefika kutoka makao makuu ya idara ya ardhi. Kila ofisi ipunguze umeme, maji na karatasi, maana sisi tunaotunza ardhi ya watu ndio tunaoongoza kuichafua. Mkaguzi atakuja Jumatatu ijayo kusoma mita. Mtumishi mwenye mpango bora atakuwa Mratibu wa Mazingira wa ofisi yetu, na atapewa chumba cha pembeni alichoacha mthamini aliyestaafu. Chumba kile kina madirisha mawili.

Mimi ni karani wa masijala. Miaka tisa nimekaa na mafaili katika chumba kisicho na hata tundu. Mvua ikinyesha, naambiwa na wateja. Cheo hiki ni changu.

Mpima ardhi wetu naye anakitaka. Tunamwita Bwana Futi, kwa sababu hata chai huipima kabla ya kuinywa. Leo ameingia kile chumba na utepe wake, akapima meza itakaa wapi. Nimemwona kwa macho yangu.

Jioni nimempigia simu baba mkwe, nikamwambia nimeshapata cheo. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo. Mzee huyu kwa miaka kumi na mbili ananitambulisha kwa watu kama "yule aliyemwoa binti yangu". Akasema Ijumaa asubuhi atakuja aione ofisi yangu kwa macho yake. Mke wangu amesema nimejipalia makaa. Nimemjibu penye nia pana njia. Amesema nia anaiona, ila njia ndiyo haioni.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefika kabla ya mfagizi. Nimefungua balbu zote kumi na moja za korido na kuzifungia kabatini. Giza safi kabisa! Saa tatu Mkubwa wa ofisi alitoka kwenda msalani, akakumbatiana na kabati la ramani. Paji la uso limeota nundu. Aliuliza ni nani aliyefanya ujinga huu. Bwana Futi alisema yeye si mtu wa kusengenya, kisha akaninyooshea kidole. Kufika saa nne balbu zote zilikuwa zimerudi mahali pake.

Yeye Bwana Futi amezima viyoyozi na kufungua madirisha. Basi. Huo ndio mpango wake mzima. Upepo umeingia, na watu wanamsifu utadhani upepo kautengeneza yeye. Nimeumia roho, sifichi.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nusura nimeze povu!

Stoo kuna maboksi ya nakala za zamani za ramani za viwanja. Upande mmoja ramani, upande wa pili mweupe pe. Na leo ndiyo siku ya kupeleka barua za wito kwa wenye viwanja mia mbili na kumi na nne, waje kuhakiki taarifa zao. Kila mwaka tunatafuna karatasi mpya kwa kazi hii. Mwaka huu nimezichapa zote mgongoni mwa ramani. Karatasi mpya iliyotumika: sifuri!

Bi Mhuri, mama anayetunza mhuri wa ofisi na kwenda nao hata chakula cha mchana, alizigeuza mbili tatu. Akasema kila ramani ina namba ya kiwanja na mhuri wa idara, je, mtu akipelekewa ramani ya kiwanja kisicho chake itakuwaje? Nikamweleza kwamba mwananchi akipata barua ya serikali huogopa kuisoma hata mbele, sembuse nyuma. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba mkuu wetu ana nundu na amejifungia chumbani. Tarishi aliondoka na barua zote kabla ya saa sita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkubwa ameiona ile sifuri! Amesema kumbe nina akili, nilikuwa nimeificha wapi siku zote? Nikasema masijala. Amecheka mpaka akashika nundu.

Bwana Futi hakuitikia salamu yangu. Nimepita mbele ya kile chumba mara nne na nimeamua meza itazame dirisha la mashariki. Nimemwomba mke wangu anipigie pasi shati jeupe, baba yake asije akanikuta hovyo. Amesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kumbe wivu umefika mpaka nyumbani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa moja na nusu watu thelathini getini. Saa tatu uwanja umejaa. Kila mmoja ameshika barua yangu, lakini ameishika kinyumenyume. Watu wanasoma nyuma!

Kinyozi alipata ramani ya kiwanja cha bucha, ina mhuri, akasema hatimaye serikali imemkumbuka. Mwenye bucha naye alikuwepo, na ramani ya kiwanja cha shule, akiuliza wanafunzi watahama lini. Mama mmoja muuza mboga ndiye aliyekuwa mstaarabu kuliko wote. Yeye hakuja kupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja alichoandikiwa, na fundi wake, wakaanza kupima pa kuvunja jiko. Mwenye nyumba akatoka na ufagio. Huyo ni mke wa Mkubwa. Simu ililia chumbani kwa Mkubwa, tukamsikia akisema ndiyo mama watoto, hapana mama watoto, sijauza nyumba mama watoto.

Bwana Futi akaitwa na utepe wake awaeleze watu kipi ni cha nani. Alifurahi kama bwana harusi. Mkubwa akazima swichi kubwa, akafunga ofisi, akaamuru watumishi wote watokee mlango wa nyuma.

Hapo ndipo nikamkumbuka baba mkwe. Nilimkuta pembeni mwa uwanja, koti jeusi, viatu vinang'aa. Watu wote walikuwa wanapaza sauti, yuko wapi karani wa masijala. Mzee akauliza umati huu unamtaka nani. Nikasema shikamoo baba, wananitaka mimi. Alinitazama juu mpaka chini. Akasema hakujua kwamba mkwe wake anatafutwa na watu wengi namna hii. Machozi yalimlengalenga!

Nilimtoa kwa kichochoro, nikamwambia wakubwa hatupiti mbele. Njiani alinishika mkono, akaniita mwanangu. Kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, lakini furaha haikuniachia nafasi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mkaguzi amekuja. Umeme umeshuka kwa theluthi! Amesema hajaona ofisi iliyojitahidi hivi, akauliza ni mpango wa nani. Nikainua mkono. Mkubwa akaushusha, kwa mkono wake mwenyewe.

Ikaonekana ni vile viyoyozi vya Bwana Futi. Kwa upande wa karatasi, Bi Mhuri alisimama na hesabu yake. Barua mpya mia mbili na kumi na nne, na barua za kuomba radhi mia mbili na kumi na nne. Sifuri yangu imekula karibu rimu nzima.

Bwana Futi ameshahamia. Meza ameielekeza mashariki. Nilikwenda masijala, nikalia kidogo nyuma ya mafaili, kisha nikapenga kamasi na kurudi kusikiliza adhabu. Mkubwa amesema nimelikoroga, nitalinywa. Nizikusanye barua zote zenye ramani, mlango kwa mlango, kwa miguu. Mke wangu naye amenipa mpaka keshokutwa. Nisipomwambia baba yake ukweli, atamwambia yeye.

Jumatano, 15 Oktoba

Barua sitini na moja zimerudi. Kinyozi hataki kuachia yake mpaka aonyeshwe karani mkubwa zaidi yangu. Mwenye bucha amenitolea kisu, ila alikuwa anakata nyama wakati huo, nisimsingizie.

Mchana nimekwenda kwa baba mkwe nimalize jambo hili kiume. Nimemkuta barazani na wazee wenzake watatu. Akasimama. Akawaambia huyu ndiye mwanangu, mratibu. Wazee wote watatu wakanyanyuka kunipa mkono. Mtu angefanyaje? Niliwaambia nimepandishwa tena, sasa nafanya kazi za nje.

Na hapo, nikitoka kwa mzee, vumbi mpaka magotini, nikaona mwanga! Siku mbili nimezunguka mji mzima na sijachoma hata tone la petroli. Nani anayechoma petroli pale ofisini? Gari la Mkubwa! Moshi wake peke yake unashinda balbu zote za korido. Bwana Futi na madirisha yake hakuliona hili.

Nimerudi ofisini mbio. Mkubwa alikuwa kwenye kikao, kompyuta ameiacha wazi. Nimewaandikia makao makuu, kwa barua pepe, bila karatasi hata moja, kwamba ofisi yetu imeamua kwa hiari kurudisha gari ili kutunza mazingira. Nimeweka jina la Mkubwa, nikamwondolea usumbufu. Wamejibu baada ya robo saa. Wamefurahi mno, wamesema huo ni uongozi wa mfano, na dereva wao atakuja kulichukua kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mkubwa ana safari kesho saa moja, kilomita sitini. Sijamwambia kitu. Nataka iwe zawadi.