Jinsi Nilivyogeuka Lori Mbele ya Mkwe Wangu

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, hapa hapa Makongeni. Marafiki zangu wa Ruiru, nawaandikia mbio mbio kwa sababu Karanja fundi cherehani ameshapanda baiskeli anakuja kwenu, na mdomo wake mnaujua. Barua hii nampa dereva wangu. Lori langu litampita Karanja kabla hajafika darajani. (Ndiyo, lori langu. Mimi niliyeacha shule darasa la pili.) Basi sikieni kutoka kwangu kwanza.

Binti yangu mkubwa, Wangari, anasoma chuo kikuu kule Kampala. Nimewapa habari zake mara nyingi, na ninyi mkasema nyingi mno. Sasa yuko likizo, na jana ndipo nilipomwuliza vizuri anasoma nini hasa. Nilidhani udaktari, au sheria.

"Ninasoma mambo ya jamaa, Baba. Watu wa nyumba moja wanavyoishi, na mtoto anavyokua."

"Mtoto anakua kwa kula!" nikamwambia. "Hilo ndilo la kupandia gari moshi mpaka Uganda?"

Nilikasirika kweli. Mimi nimelea watoto, nikajenga duka, nikanunua lori, na hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Nikatoa amri: hakuna kurudi Kampala. Atakaa dukani auze sukari na mafuta ya taa.

Wangari hakulia. Ana jina la mama yangu, na ana shingo ngumu ya mama yangu vilevile.

"Sawa, Baba. Kule tunafundishwa kuketi kimya tumtazame mtoto na wazazi wake. Kesho nitaketi nikutazame. Ukimwamuru mtoto mara moja akatii, nitabaki dukani. Asipotii, narudi Kampala."

"Mara moja tu!" nikacheka. Nikamwita Karanja awe shahidi. (Huo wa kuita shahidi ni ujinga wangu mwenyewe.)

Leo asubuhi nikavaa koti. Wangari akaketi kando, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Karanja akapewa chai. Mtoto mwenyewe ni kitinda mimba wangu, Wambui, wa miaka minne. Alikuwa amejaa kwenye kiti changu kikubwa, kofia yangu kichwani imemfika puani.

Nikasafisha koo. "Wambui! Shuka kitini. Lete kofia!"

Akainua ukingo wa kofia, akanitazama.

"Unamfokea mkwe?"

Chai ikampalia Karanja.

Wenzangu, mila yetu mnaijua. Msichana wa pili hupewa jina la mama wa mke. Baada ya Wangari nilipata wavulana watupu, mpaka akaja huyu. Kwa hiyo Wambui ndiye mama mkwe wangu wa Mugutha, ila mfupi. Na nani aliyemzoeza hivyo? Mimi! Tangu yuko mgongoni mwa mama yake, kila nikirudi safari nilikuwa navua kofia mlangoni: "Mkwe, hujambo? Mkwe, nimekuletea sukari guru." Watu wakicheka, nami nacheka. Leo sikucheka.

"Wambui, tafadhali shuka," nikasema polepole.

"Hiyo ni mara ya pili," akasema Karanja.

"Nyamaza wewe! Ni ya kwanza kwa upole!"

"Sukari guru iko wapi?" akauliza mkwe. Haikuwapo. "Basi nitashuka kwa lori."

"Lori limepeleka magome ya miti ya miwati kiwandani."

"Wewe ndiye lori."

Nikamtazama Wangari anisaidie. Wapi! Kampala wamemfundisha kunyamaza barabara. Nikafikiri: akishuka kwa njia yoyote ile, si ameshuka? Nikapiga magoti. Akapanda mgongoni, akanikamata masikio.

"Nguruma!"

"Vruuum," nikasema. (Mimi. Mzee wa kanisa. Mwenye koti.)

"Twende nje!"

Tukatoka nje, vumbi mpaka puani.

"Honi!"

"Piii! Piiii!"

Hapo nikaona miguu mbele yangu. Miguu ya mama mtu mzima. Nikainua macho taratibu.

Mama mkwe wangu wa Mugutha. Yule mrefu. Kiondo cha viazi vitamu mgongoni.

Yule mama namheshimu jamani! Nikimwona mbali natoka njiani nimpishe. Siingii alipo mpaka nimefunga vifungo vyote vya koti. Leo nimemlaki kwa miguu minne, nikimpigia honi! Nilitaka kusimama, lakini mkwe mdogo yuko juu. Nikimwangusha, nitakuwa nimemwangusha nani?

Mama akatutazama sana. Kisha akamgeukia mke wangu, aliyekuwa amesimama mlango wa duka akiuma kanga.

"Huyo aliye juu ni mimi, sivyo?"

"Ni wewe, Maitu," akamwambia mama yake.

"Basi mwambie mume wako nimetoka kituo cha basi kwa miguu na mzigo huu wote. Sikujua kwamba hubeba."

Uui! Karanja alishikilia nguzo ya duka asianguke. Wambui akashuka mwenyewe, bila kuamriwa na mtu, akamkimbilia nyanya yake na kofia yangu. Mimi nikabaki chini, lori lisilo na abiria.

Wangari akaja akanipangusa vumbi mabegani. "Baba, umeona?"

"Nenda Kampala," nikamwambia, magoti bado chini. "Na ukifika, waulize walimu wako dawa ya mtu huyu."

"Yupi, Baba? Mrefu au mfupi?"

Jumatatu nampeleka stesheni mimi mwenyewe, kwa lori lile la magurudumu. Nanyi wa Ruiru nawaomba jambo moja tu: nikipita huko, asiwepo hata mmoja wa kunipigia honi.