Maadmirali Watupu

Baada ya kutafakari kwa kina, kwa mapana na kwa posho, Wizara iliwatangazia wanamaji wote kwamba tatizo la mishahara sasa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mishahara haitapanda. Vitakavyopanda ni vyeo.

Tangazo lilisomwa gatini na Mkuu wa Jeshi la Majini mwenyewe, mtu mrefu, kifua kimejaa nishani, nyingine alizipata kwa kuhudhuria sherehe za kutoa nishani. Alisimama juu ya kreti la soda, na nyuma yake ilielea meli ya jeshi. Jeshi lilikuwa na meli hiyo moja tu. Mkuu alieleza siku zote kwamba huo ni mkakati: adui akija, atahangaika kutafuta nyingine ziko wapi.

"Mshahara unaliwa, unaisha," alisema. "Cheo hakiliwi. Kwa hiyo hakiishi!"

Wanamaji wakapiga makofi, maana kupiga makofi ilikuwa amri.

Kanuni yenyewe haikuwa na utata. Cheo kilitolewa badala ya nyongeza ya mshahara. Asiyepata nyongeza atapata cheo, na aliyepata nyongeza hatapata cheo, kwa sababu kula huku na huku ni ulafi usiokubalika katika utumishi wa umma. Kwa bahati mbaya, fungu la nyongeza lilimtosha mtu mmoja tu. Mkuu, kwa moyo wa kujitolea, alikubali kuwa mtu huyo.

Katika mstari wa nyuma alisimama mpishi wa meli, bwana wa makamo, mfupi, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. Wote, hata mkewe, walimwita Mwiko. Yeye alikuwa mmoja wa walioomba nyongeza, wala hakuiomba kwa tamaa. Binti yake mkubwa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo, kwa ukatili wa ajabu, kilitaka ada. Mwiko aliondoka nyumbani asubuhi akiwa baharia wa kawaida. Jioni alirudi koplo, na mfuko uleule.

Mpango ulifanya kazi vizuri mno. Wanamaji walipolalamika, wakafanywa masajini. Waliponung'unika, wakawa maluteni. Fundi wa injini, ambaye wenzake walimwita Grisi, alipiga mwayo tu katikati ya gwaride, akapandishwa kuwa kapteni, yeye na meli nzima, kwa tahadhari. Mvua za masika zilipokwisha, kila aliyepanda meli ile alikuwa admirali.

Siku Mwiko alipoingia nyumbani na mabega ya dhahabu, mkewe alimzunguka, akaishika ile dhahabu kwa kidole na gumba.

"Inabanduka?"

"Ya nini kuibandua?"

"Tuuze."

Kabla hajajibu, mlango uligongwa, akaingia mama mwenye nyumba, bibi kizee ambaye Mwiko alimwamkia kwa heshima tangu siku ya kwanza. Leo bibi alimwahi.

"Shikamoo, Admirali."

"Ah, mama! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe."

"Si wewe, mwanangu. Naziamkia hizo nyota." Bibi akaketi. "Nina neno dogo tu. Chumba hiki nilimpangisha mpishi. Sasa naona ndani analala admirali. Kodi ya mpishi haiwezi kuwa kodi ya admirali."

"Mama, mshahara wangu ni uleule!"

"Mshahara wako sijapata kuuona mimi. Ninachokiona ni mabega."

Na hakuwa peke yake. Mwenye duka alikataa kumkopesha unga, akisema mkubwa kama yeye kukopa ni kuliaibisha duka. Msibani alisogezewa kiti cha mbele, na bakuli la michango likaanzia kwake. Lakini lililomkata maini lilitoka kwa bintiye. Alirudi kutoka chuoni macho mekundu.

"Baba, waliniuliza mzazi wangu ni nani kazini. Nikasema ukweli."

"Ukasema nini?"

"Admirali. Wakanifuta kwenye msaada wa ada. Wamesema wanasaidia maskini, si watoto wa vigogo."

Mwiko hakula usiku ule. Asubuhi alivaa koti lake la dhahabu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu, akapiga saluti.

"Mkuu, naomba unishushe cheo."

Mkuu aliweka kikombe chini. "Kushushwa cheo ni adhabu, Admirali. Adhabu haitolewi bila kosa. Umekosa nini?"

"Juzi niliunguza wali."

"Haiwezekani. Admirali haunguzi wali. Wali huungua wenyewe."

"Basi nimtukane mtu."

"Admirali hatukani. Anakemea." Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. "Lakini kilio chako nimekisikia, na nitachukua hatua."

Na kweli alichukua. Wiki haikuisha, meli nzima ikapandishwa kuwa Admirali Mwandamizi. Mkuu alitia saini bila kusita, kwa kuwa kalamu yake ilishazoea njia.

Hapo ndipo Waziri alipotuma habari kwamba anakuja kukagua jeshi, atatembezwa baharini kidogo, na atakula chakula cha mchana melini.

Siku ya ukaguzi ilifika, jua kali, bendi imesimama. Waziri akapanda meli akiwa amevaa miwani myeusi, akasubiri. Injini ilinguruma. Meli haikusogea. Ilikuwa bado imefungwa kamba gatini, na wanamaji wote walisimama kwenye mstari, mikono nyuma, wakimeremeta kama duka la sonara.

"Mbona hatuondoki?" Waziri akauliza.

"Kamba hazijafunguliwa, Mheshimiwa," alisema Grisi.

"Zifungueni basi!"

"Kanuni zinasema kamba hufunguliwa na mwenye cheo cha chini kuliko wote, Mheshimiwa. Na amri hushuka, haiendi pembeni. Siwezi kumwamuru mwenzangu."

Waziri aliziheshimu sana kanuni, hasa zile alizozitia saini mwenyewe bila kuzisoma. Akaanza kupita kwenye mstari.

"Wewe, cheo chako?"

"Admirali Mwandamizi!"

"Na wewe?"

"Admirali Mwandamizi!"

"Wewe unayenuka vitunguu?"

"Admirali Mwandamizi," alisema Mwiko kwa masikitiko.

Waziri akapita wote, akafika mwisho wa mstari, mbele ya Mkuu. Mkuu alivuta pumzi, nishani zikagongana. Akapiga saluti iliyotikisa gati, akanguruma kwa fahari ya maisha yake yote:

"Admirali!"

Bendi ikashusha matarumbeta.

"Tu?" akauliza Waziri.

Mkuu alionekana akihesabu ngazi kichwani na kukuta yuko chini ya sakafu. Akaanza kueleza kwamba yeye ni Mkuu wa Jeshi. Waziri akamkatiza: ukuu ni kazi, yeye ameuliza cheo. Na je, si yeye aliyepokea nyongeza? Ndiye. Basi haikuwezekana kumpandisha, labda kama anaona inafaa kula huku na huku mbele ya bendi.

Mkuu akavua glavu nyeupe, akafungua kamba. Zilikuwa nzito na zenye utelezi, naye alianguka mara kadhaa, kila mara kwa hadhi. Meli ilipoingia maji ya kina, akateremshwa jikoni, kwa kuwa vitunguu pia vilimsubiri mwenye cheo cha chini.

Mwiko hakujua amfanyeje. Alimpa kisu, akamsogezea ndoo ya kukalia.

"Menya taratibu, Mkuu. Kisu hicho kikali."

Mkuu alimenya huku machozi yakimtiririka. Taarifa rasmi ilisema ni vitunguu.

Alivumilia mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akaomba kupandishwa cheo. Kamati ya kupandisha vyeo, kisheria, ni wale wanaomzidi mwombaji, yaani meli nzima, nayo ilikutana jikoni ikikaa juu ya magunia ya viazi. Mwiko, kwa kuwa jiko lilikuwa lake, alifanywa mwenyekiti.

"Sisi hatuna kinyongo," alisema. "Ila cheo ni badala ya nyongeza. Ukikitaka, nyongeza iache mezani."

"Yote?" sauti ya Mkuu ilikuwa nyembamba.

"Mkuu, hayo si maneno yangu. Ni yako."

Mkuu akatazama kisu, akatazama gunia la vitunguu. Akaiacha yote.

Fungu likawa wazi, na kila aliyetaka sehemu yake ilimbidi arudishe cheo. Mabega ya dhahabu yakabanduliwa na kutupwa ndani ya karai kwa vifijo ambavyo safari hii hakuna aliyeviamuru. Fedha ambazo Wizara ilithibitisha zinamtosha mtu mmoja tu, zilipogawanywa, ziliitosha meli nzima na zikabaki za kununua kamba mpya. Mwiko akawa tena baharia wa kawaida. Binti yake alipeleka chuoni barua mpya ya kazi ya mzazi, neno "mpishi" limeandikwa kwa herufi kubwa, akarudishiwa msaada, na ada iliyobaki baba akailipa mwenyewe.

Mkuu alipewa cheo ambacho hakijapata kuwapo: Admirali Mwandamizi wa Maji Yote, ya Chumvi na ya Bomba. Hakikuwa na senti ndani yake. Naye, akitegemea ile nyongeza, alikuwa amekwishanunua gari kwa mkopo, na benki haikupokea saluti.

Mchana mmoja, watu wameshakula na kuondoka, mlango wa jiko ulisukumwa polepole. Mkuu alisimama kizingitini, kofia kwapani, nyota zimemjaa mpaka shingoni.

Mwiko aliacha kuosha, akasimama wima. "Amri yako, Mkuu?"

Mkuu akachungulia kwanza nyuma yake. Kisha akatazama lile sufuria kubwa, na ukoko uliong'ang'ania chini.

"Si amri, Mpishi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni ombi."

Mwiko akampa kijiko cha chuma, akamsogezea ndoo ya kukalia.