Uzinduzi wa Kiatamizi Katika Chumba cha Cherehani cha Shangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye alipokosekana nilikubali kwa moyo mzito kukaimu nafasi yake. Mheshimiwa Shangazi, Dada wa Marehemu Baba, Mmiliki wa Nyumba, Mlezi wa Mradi na Mwenye Shuka lililofunika mradi. Waheshimiwa kinamama wa Kamati ya Mayai, mliokaa mbele kwa sababu mmewahi na mliokunja mikono kwa sababu ninazozijua. Ndugu Fundi Seremala, uliyekuja na kiti chako na maswali yako. Majirani mliomo ndani, majirani mlioko dirishani, na wewe mama mwenye mwavuli uliyesimama mlangoni bila kuingia wala kuondoka: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa ni kutokana na uhaba wa viti.

(Makofi ya mtu mmoja. Anagundua yuko peke yake, anaacha.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, koti la mjomba, na uzoefu wa kimataifa wa miezi kumi na minne nilioupata nje ya nchi, tena si nje ya kuvuka daraja mtu akarudi jioni, bali nje kabisa, ambako nilihudumu katika sekta nyeti ya uwekezaji wa biashara changa barani Afrika, ndani ya jengo la ghorofa sita lenye lifti inayofika ya nne, nikiwa na cheo cha Afisa Mwandamizi wa Usambazaji wa Vimiminika Vyenye Joto.

(Fundi Seremala: "Ulikuwa unapeleka chai!")

Nashukuru kwa mchango huo. Kwa lugha ya mtaani, ndiyo, ni chai. Lakini niwakumbushe wadau kwamba chai huingia vyumba ambavyo hata meneja hugonga kwanza, na mimi niliingia nayo, masikio yangu yote mawili nikiwa nayo, na elimu yangu, ambayo iliishia kidato cha pili, ikaendelea palepale nyuma ya sinia.

(Shangazi: "Fupisha, baba. Mwalimu mkuu anasubiri jibu lake la sare leo hii.")

Nafupisha, Shangazi, kwa mapana na marefu. Kwa faida ya wale ambao hawajapata ripoti: chumba hiki mnachokiona, chenye mabaki ya nyuzi sakafuni na alama nne za miguu ya cherehani, kilikabidhiwa rasmi kwa mradi wangu wiki saba zilizopita. Cherehani ikahamishiwa barazani kwa muda, chini ya nailoni, ambako mvua imeifanyia ukaguzi mara tatu. Shangazi ana oda ya sare arobaini za shule, na kitambaa kipo ndani ya mfuko. Mwalimu mkuu amesema kama fundi hana chumba, kazi itakwenda kwa fundi mwenye chumba. Kwa hiyo swali lililo mezani leo ni moja tu, mashine ya kiatamizi, ile ya kutotolea vifaranga, inakuja au haiji, nami nitalijibu kikamilifu baada ya utangulizi, historia ya mradi, dira, dhima na mafanikio.

(Miguno. Sauti kutoka dirishani: "Funua shuka!")

Shuka litafunuliwa kwa mujibu wa ratiba!

Tukija kwenye historia, jengo lile nililolitumikia lilikuwa na kibao kilichoandikwa KIATAMIZI CHA BIASHARA CHANGA, maana yake vijana wenye wazo wanapewa meza, intaneti na maneno matamu mpaka wazo liote manyoya. Nilipompigia Shangazi simu nikamwambia nafanya kazi kwenye kiatamizi, akaniuliza, "Mnatotoa wangapi kwa mwezi, baba?" Nami, kwa kuwa sijawahi kuulizwa swali la kitaalamu maishani, nikajibu kwa takwimu: kumi na wawili kwa msimu, na tisa hufa kabla ya mwaka kuisha. Shangazi akasema, "Kuku wangu mwekundu anawashinda." Hapo, ndugu wananchi, kiongozi makini angesahihisha lugha. Mimi nilivimba kichwa, nikasema, "Basi nitakuletea tawi."

(Kinamama wa Kamati ya Mayai wanatazamana. Mmoja anakunjua mikono, anaishika kiunoni.)

Wiki iliyofuata nikamweleza kwamba kazini kwetu tunatembelewa na malaika, ambalo ni jina la mwekezaji anayetangulia wenzake, na Shangazi akakata simu akaenda kushukuru. Hata hapo sikusahihisha. Mnaona jinsi mradi ulivyokuwa unapanuka bila gharama yoyote.

Sasa niingie kwenye masomo niliyoyavuna. Huko hakuna mtu anayesema "sijui". Wanasema "tunalifanyia kazi". Hakuna aliyeshindwa, amebadilisha mwelekeo. Nilimshuhudia kijana mmoja akisimama mbele ya projekta kwa dakika tatu, jasho linamtoka, akieleza aplikesheni yake ya kutafuta mbuzi waliopotea, yenye ramani, rangi saba na mpango wa kuteka soko la bara zima. Mwekezaji, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, akakoroga chai yangu, akauliza, "Na simu anashika nani, mbuzi?" Kijana akasema hilo wanalifanyia kazi.

(Kicheko. Fundi Seremala anapiga paja.)

Chekeni, lakini ngojeni. Baada yake akaingia mama mmoja hana projekta, hana kadi ya biashara, ana daftari la mistari lenye alama za mafuta. Mzee hakulifungua. Akamuuliza swali lilelile alilokuwa akiwauliza wote, "Nani anakusubiri mlangoni?" Yaani, tukiacha ndoto, ni mtu gani sasa hivi anakihitaji kitu chako na anakereka kwa sababu hajakipata? Mama akasema, "Dereva wa lori, yuko hapo chini, amekwisha kupiga honi mara mbili." Mzee akaenda dirishani, akaliona lori, akarudi akaomba kalamu. Nilisimama na birika, chai ikamwagikia kiatu changu, sikuhisi kitu. Nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi!

(Shangazi anamtazama mama mwenye mwavuli, kisha anajifuta mikono kwenye kanga yake.)

Siku iliyofuata, kwa ujasiri ambao wataalamu bado wanautafutia jina, niliweka sinia chini katikati ya kikao na nikatoa pichi yangu mwenyewe, yaani hotuba ya kuomba mtaji. Nikawaahidi ajira elfu nne. Nikawaahidi kukua kwa asilimia mia tatu, na nilipoona hawajashtuka nikaongeza hadi mia tano. Nikasema tawi, nikasema chumba, nikasema mashine ya kisasa yenye taa na kipimajoto. Mzee akavua miwani. "Nani anakusubiri mlangoni?" Nikatafuta jibu dari nzima. Nikasema, "Shangazi." Akasema, "Basi rudi nyumbani, kijana. Tutawasiliana."

(Fundi Seremala anaweka kichwa mikononi.)

Tutawasiliana! Ndugu wananchi, nyie nyote mliowahi kupeleka barua ya kazi mnajua neno hilo lina uzito gani. Mimi sikuwahi kupeleka barua, nilipata ile kazi kwa sababu mpeleka chai wa awali aliugua mgongo. Nikaamini ni ahadi. Nikakimbilia ngazi, nikapiga simu hapa nyumbani, nikapiga kelele, "Shangazi, tumepata! Toa cherehani!" Nikarudisha aproni, nikapanda basi siku mbili, nikafika na kibao nilichokiandika mwenyewe njiani. Tangu hapo nimelala na simu kifuani wiki saba, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na waliowasiliana ni wawili: kampuni ya simu yenyewe, na mtu aliyekosea namba akakataa kuamini kwamba amekosea.

(Mjumbe wa Kamati ya Mayai: "Na mayai yetu? Siku ishirini na moja zimetimia leo! Taja mayai!")

Taarifa ya mayai. Kamati ilikusanya mayai arobaini na manane kwa ajili ya majaribio. Katika hayo, asilimia sabini na tano yaliingizwa kwenye tathmini ya awali ya kustahimili joto la juu, kwa awamu, hasa nyakati za asubuhi, na matokeo yalikuwa ya kuridhisha sana.

(Fundi Seremala: "Ameyakaanga!")

(Vurugu. Kandambili moja inaruka, inapiga kibao cha mradi. Kibao kinaanguka.)

Naomba utulivu! Nakiri, tathmini ilikuwa na chumvi! Lakini asilimia ishirini na tano, yaani mayai kumi na mawili, hayakuguswa, yamo chini ya shuka hili, na...

(Sauti ndogo inatoka chini ya shuka: "Pii.")

Hiyo ni mitambo.

("Pii. Pii.")

(Shangazi anasimama. "Mwanangu. Sikuulizi takwimu. Yule mlangoni mwenye mwavuli ndiye mwalimu mkuu, na amesimama tangu unaanza. Mashine inakuja au haiji?")

Shangazi. Nilikuwa nimeandika jibu la kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unasema tunalifanyia kazi. Wa pili unasema tumebadilisha mwelekeo. Nimeuliza mitaani nani ananisubiri mimi mlangoni, na hakuna. Anayesubiriwa ni wewe. Una mtu mlangoni na mwavuli wake, ana watoto arobaini nyuma yake, nami nimekaa kwenye chumba chako nikisubiri simu. Haiji, Shangazi. Haijawahi kuwa njiani.

(Mwalimu mkuu anakunja mwavuli.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, nafunua.

(Anavuta shuka. Kuna boksi la friji lililokatwa upande mmoja. Ndani yake, juu ya vipande vya kitambaa, amekaa kuku mwekundu. Kifaranga kinachungulia chini ya bawa, kisha kingine. Kamati ya Mayai inainuka yote kwa pamoja, inahesabu kwa vidole: tisa.)

Aliingia mwenyewe. Sikumwajiri. Nilipogundua alikuwa ameshaanza kazi, na alipogundua nimegundua alinidonoa mkono.

(Shangazi: "Si nilikuambia anawashinda!" Kicheko kinaanzia dirishani, kinaingia ndani.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mfadhili wa mradi huu, ambaye hayupo. Nazishukuru ajira elfu nne, popote mlipo. Naishukuru mashine ya kisasa yenye taa na kipimajoto, ambayo ni boksi nililoliokota nyuma ya duka. Nawashukuru kinamama wa Kamati. Vifaranga tisa ni vyenu, na mayai thelathini na sita nitayalipa kwa kufagia nyua zenu mpaka mtakaponichoka. Namshukuru kuku. Na kwako, Shangazi, sina neno refu la kukupa.

(Shangazi: "Neno sitaki. Vifungo unajua kushona?")

Najifunza haraka, Shangazi. Ndugu wananchi, natangaza kwamba nimeteuliwa sasa hivi kuwa Mkurugenzi wa Vifungo. Sare arobaini, vifungo sita kila moja, ni vifungo mia mbili na arobaini. Hizo ndizo takwimu pekee za leo zinazoweza kukaguliwa.

(Mwalimu mkuu, kwa mara ya kwanza: "Jumatatu ya wiki ijayo nitazipata?" Shangazi: "Ingia ndani mwalimu, kaa, nichukue vipimo vya kola.")

Sasa kauli mbiu, kisha twendeni barazani wote tukaichukue cherehani. Nikisema "Cherehani," mseme "Ndani!" Cherehani!

("Ndani!")

Cherehani!

("Ndaaani!")

Fundi, shika upande ule. Taratibu, mguu wa nyuma una kutu, kosa ni langu, nitausugua mimi. Mzungukeni kuku, msimsumbue, huyo bado yuko kazini.