Mawe ya Kuchora

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimerudi kutoka Homa Bay na fomu ya bima. Safari njema, soda baridi, na wazo kubwa!

Kwanza nieleze, maana shajara isiyoeleza ni kalenda tu. Bima ni watu wengi kuchangia chungu kimoja, ili yule atakayepatwa na hasara achotewe humo. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Jambo lenyewe ni kugawanya tu. Ploti yetu hapa Suna ina vyumba sita kwenye mstari mmoja, na wapangaji wake ndio uzee wetu, mimi na mke wangu Priscah. Mvua ikiilaza, imetulaza na sisi.

Wakala wa bima, kijana mpole aitwaye Cephas, aliniita “japuonj”, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Nikampenda papo hapo. Akauliza kuta ni za nini. Nikauliza kwa nini anauliza. Akasema nyumba ya mawe hukatiwa bima kwa nusu ya malipo ya ile ya udongo, na ya udongo haikingwi na mvua hata kidogo. Nikakohoa. Nikasema mawe.

Kuta zetu ni za udongo. Lakini zimepigwa plasta! Nani huona ndani ya plasta?

Cephas atakuja kukagua Jumanne ya wiki ijayo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka na jibu. Huku kwetu kila mtu anajua kuchora mistari kwenye plasta ili udongo uonekane mawe. Ni urembo, watu hupamba nao hata ukuta wa jikoni. Basi urembo ukipewa kazi, kuna kosa gani? Nimechukua kamba ya nailoni, msumari wa inchi nne na ndoo ya plasta nyepesi. Nikapaka. Nikanyoosha kamba. Nikakwaruza. Kufikia saa kumi ukuta wa mbele ulikuwa na mawe mia moja arobaini. Mazuri kuliko ya machimbo!

Priscah alisimama na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani, akatazama. Akauliza, “Baba Sheila, siku nyumba ikianguka utawaambia mawe yamekimbilia wapi?” Nikamweleza kwa upole kwamba mwenye bima hulala bila hofu. Akasema hajawahi kusikia mvua inayojua kusoma karatasi.

Alhamisi, 7 Machi

Jirani yangu Mahmud, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu wa zamani. Mlangoni ameweka ndoo nne za mchanga, eti moto ukitokea. Duka lote amelizungushia mtaro wa maji. Anapambana na hasara kwa koleo, wakati dunia ina bima!

Leo alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akautazama ukuta wangu, akauliza fundi alikuwa amekunywa nini. Nikauliza kosa liko wapi. Akasema mawe yangu yamekaa moja juu ya lingine kama kreti za soda. Jiwe la juu hukalia maungio ya mawili ya chini, ndipo ukuta ushikane. “Mwalimu, ukuta huu mbuzi akiuegemea unaenda naye!”

Kweli tupu. Aibu! Nimefuta yote na kuanza upya.

Akaniambia pia nichimbe mtaro nyuma ya vyumba, kwa sababu maji ya mteremkoni hutuama pale. Akaniachia hata koleo lake. Nimeliegemeza ukutani. Mtu hawezi kuchora na kuchimba kwa wakati mmoja.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Sikuchora. Mhubiri alisema kwa kirefu juu ya unyoofu. Nikakumbuka pembe ya kushoto, pale kamba ilipolegea.

Jumanne, 12 Machi

Ushindi!

Nguzo ya mwisho, kando ya chumba namba sita, ni ya mawe halisi. Fundi wa zamani aliiweka ili kushikilia mlango. Nikamsimamisha Cephas hapo hapo, nikamweleza namna ya kukadiria uwezekano wa hasara, kwa mifano, dakika arobaini. Akaigonga nguzo kwa kalamu. Ko, ko, ko. Akaandika: mawe.

Nyanchama, mshonaji wa chumba namba tatu, alimletea kiti. Cephas alipokwenda, akaniuliza kama cherehani yake nayo imo kwenye hiyo bima, na chumba kikiharibika itakuwaje. Binti huyu ameachiwa wadogo zake watatu awalee, na cherehani ndiyo inayowalisha. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, mwanangu, yuko chini ya mwavuli wangu. Alifurahi sana. Nami nilifurahi kwa kuwa yeye amefurahi.

Alhamisi, 21 Machi

Cheti kimefika. Kina muhuri! Nimekitia fremu na kukitundika sebuleni. Koleo la Mahmud bado liko ukutani. Nimemwambia nitamrudishia, kwa kuwa mitaro sasa haina maana kwangu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua ya jana haikuwa mvua. Ilikuwa ziwa limesimama wima.

Ukuta wa nyuma wa chumba namba tatu umeyeyuka. Sina neno lingine. Maji yalituama pale nyuma, yakaunywa ukuta kutoka chini, ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Nyanchama na wadogo zake walikuwa kwa jirani, ashukuriwe Mungu. Cherehani ni nzima, ilikuwa chini ya turubai. Lakini hana pa kushonea, na sare za wanafunzi wa shule mbili zinatakiwa kabla ya shule kufunguliwa. Akizikosa, shule hizo hazitampa kazi tena.

Hakulia. Aliniangalia tu. “Baba, na ule mwavuli?”

Nikamwambia leo ndiyo siku yake. Nikaenda posta, nikampigia Cephas simu, nikaripoti kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Atakuja Alhamisi. Nilipoweka simu chini ndipo nikawaza.

Mawe hayayeyuki.

Jumanne, 16 Aprili

Mtu aliyesoma hababaiki. Kinachokosekana ni mawe, na mawe yako kwa Mahmud, rundo zima nyuma ya duka! Nimemwomba arobaini kwa siku mbili. Akauliza ya nini. Nikasema ya maonyesho. Akanywa chai yake, mabega yakaanza kumtikisika. Akayaleta mwenyewe kwa mkokoteni.

Nimeyamwaga juu ya tope kwa ustadi, mengine nimeyalaza ubavu kana kwamba yaliteseka. Priscah amesema hii ni nyumba ya kwanza anayoiona inayoanguka ndipo mawe yafike.

Alhamisi, 18 Aprili

Cephas amekuja. Akayazunguka magofu taratibu. Akaniuliza kwa nini kila jiwe lina herufi M ya rangi nyekundu.

Sikuwa nimeyageuza!

Nikasema M ni ya Mwalimu. Akaandika. Nikapumua. Ndipo Nyanchama akatokea upande wa dukani, akasema kwa adabu zake zote, “Baba, Mahmud anauliza, mawe yake utayarudisha leo ama kesho?”

Kuku akapita.

Cephas akafunga faili. Akaenda kwenye ukuta wa chumba namba nne, akachagua jiwe zuri kabisa nililolichora, akalisukuma kwa kidole. Kidole kikaingia hadi kwenye kifundo. Akasema, “Japuonj, hesabu unanishinda. Lakini udongo nimezaliwa ndani yake.”

Akaniambia angeweza kuandika mambo mabaya zaidi, ila ataandika kwamba fomu ilijazwa kwa makosa. Cheti kinafutwa. Fidia hakuna. Siku nitakayokuwa tayari kutamka neno udongo, na kuchimba mtaro, nimtafute. Nikamtolea cheti kutoka kwenye fremu. Fremu akaniachia.

Nyanchama alisikia yote. Akabeba cherehani hadi barazani kwetu, akaanza kushona mvua ikimrukia. Sikuweza kumaliza ugali wangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwendea Nyanchama alfajiri, nikamwambia mwavuli haukuwepo. Akasema alijua tangu aliponiona juu ya ngazi na kamba. Alikubali tu kwa sababu mimi ni mwalimu, akadhani labda kuna jambo ninalolijua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zito kuliko hilo.

Nikaenda kwa Mahmud bila hila hata moja. Haikuchukua muda. Mawe yabaki, na mengine yaongezwe, nami nimfundishe hesabu binti yake Shamima hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Fundi wake akaanza saa tatu. Mahmud mwenyewe akachukua lile koleo lake pale ukutani, akachimba mtaro nyuma ya vyumba vyote sita. Nikasimama kandoni nikimweleza kuhusu mteremko. Alivumilia.

Jumapili, 21 Aprili

Ukuta umesimama. Mawe halisi, yamekaliana kwenye maungio! Nyanchama amerudi chumbani, na tangu asubuhi nasikia cherehani ikikimbia. Sare zitawahi. Jana mvua ilinyesha tena, maji yakafuata mtaro kwa utii. Priscah amepika samaki. Mwili wangu mwepesi.

Jioni nimekizunguka chumba namba tatu, nikasimama mbali, nikakitazama kwa jicho la mkaguzi. Kuna tatizo. Mawe ya Mahmud yamechongwa ovyo, hakuna mawili yanayolingana, na tope la mvua limeyarukia hadi dirishani. Ukilinganisha na ukuta wa mbele, mtu yeyote ataapa kwamba huu ndio wa udongo.

Kamba ninayo. Msumari ninao. Kesho nitaupiga plasta na kuuchora mistari, ili uonekane wa mawe.